Dohani ya Udongo wa Aroi

Moshi una tabia moja nzuri: unapanda. Hata mtu aliyefukuzwa shule darasa la nne anajua hivyo. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa nne asubuhi, moshi wa jiko la Harriet ulipotoka kwenye kuni, ukafika kwenye mdomo wa dohani, ukasimama kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji wake, kisha ukageuka na kutambaa sakafuni mpaka mlangoni, Harriet hakupiga kelele. Alichukua sufuria yake ya maharage, akapanda ngazi mpaka juu kabisa, akaitua mbele ya mlango wa fundi Nasuru.

"Fundi," akasema, "kama bomba yako ya moshi iko na njaa, ikule hii maharage. Mimi nimechoka kupika kama samaki ya kukausha."

Harriet alikuwa mama wa makamo kutoka Sudan Kusini, mpangaji wa chumba cha chini. Aliwahi kukimbia vita kwa miguu, kwa hiyo moshi haukumtisha. Ulimkera tu.

Nasuru naye alikuwa Mnubi wa Koboko, fundi wa matofali, na kama ungempa nafasi angekwambia kwamba nusu ya mji wa Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, imesimama kwa mkono wake. Ukimuuliza nusu ipi, angekuonyesha ile iliyonyooka. Mwenye jengo lile, Sule, alikuwa amempa vyumba vya juu akae na mkewe Zuhurah mpaka dohani itengemae. Zuhurah alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja, na Nasuru aliapa kwamba mtoto wake hatazaliwa ndani ya moshi.

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, la ghorofa, lililojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Majiko yake ya kuni, mapana ya kutosha mtu kuingia, yamepangwa juu kwa juu, na nyuma ya majiko yote inapita dohani moja ya matofali, kama uti wa mgongo, mpaka inatokeza juu ya bati. Miaka imekula chokaa kati ya matofali, cheche zinatokea pembeni, na matofali mengine unayachomoa kwa vidole kama meno ya mzee.

Mara ya kwanza Nasuru aliziba kwa saruji. Joto likaipasua siku ya pili. Akaikwangua yote, akaziba tena kwa saruji nzito. Ikapasuka. Mara ya tatu akachanganya saruji, majivu na matusi, ikadumu mpaka Ijumaa. Wapangaji wakaanza kumsalimia kwa kumwuliza, "Fundi, leo iko mara ya ngapi?"

Ndipo akakumbuka udongo wa kichuguu. Fundi yeyote wa huku West Nile anajua kwamba udongo ule haupasuki kwa moto. Akaenda kijiji cha Aroi, akarudi na magunia saba, akaponda, akakanda, akaziba kila kiungo kuanzia jiko la chini hadi juu ya bati. Kazi ilitoka nzuri, lazima tuseme ukweli. Akaipiga picha akawatumia mafundi wenzake kwenye simu na maneno haya: "Njooni mjifunze." Hiyo ilikuwa Ijumaa iliyofuata. Jumatatu akaletewa maharage.

Akapanda juu ya bati na kamba yenye jiwe, akaishusha ndani ya dohani. Ikateremka mpaka chini bila kugusa kitu. Akawasha karatasi kwenye jiko la Harriet, moshi ukapanda moja kwa moja kama askari wa gwaride.

"Unaona?" Nasuru akamwita Harriet aliyekuwa uani. "Shida iko kwa kuni yako."

Harriet akaweka kuni zilezile, akawasha, na moshi ukateremka ukamzunguka Nasuru miguuni. Akabadilisha kuni. Ukateremka. Akapanda tena, akafagia, akashuka, akapanda mara ya nne, na kila akiwa peke yake moshi ulipanda, na kila mtu wa kupika akija ulishuka. Adhuhuri ilipofika alikuwa mweusi uso mzima, na hakuna kitu kibaya kwa mtu wa majigambo kama kushindwa na jiko mbele ya wanawake.

Msaidizi wake Adrabo, Mlugbara wa Aroi mwenye umri sawa na wake, ndiye aliyeinama kwenye majivu. Akaokota kitu, akakiweka kiganjani. Mabawa ya kumbikumbi, membamba kama karatasi ya sigara, na chini yake mengine, na mengine tena, jiko zima limejaa.

"Kumbikumbi ya Januari?" Harriet akauliza polepole. "Na mvua iko wapi?"

Mvua haikuwapo. Nje jua lilikuwa linapasua ardhi. Lakini ndani ya jiko mlikuwa na harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, harufu tamu, na Adrabo akaweka mwiko wake wa uashi chini kama mtu aliyekumbuka ana safari.

"Nasuru, ile udongo uliomba nani?"

"Mwenye kichuguu alikufa mwaka jana. Nitaomba nani, kaburi?"

"Kichuguu haikufi na mutu. Kwetu inarithiwa, kama shamba. Mimi nilikwambia ngoja, tuulize kwanza nani amerithi. Wewe ukasema watu ya Aroi napenda kuchelewesha kazi."

"Udongo ni udongo," Nasuru akasema, lakini hakumtazama.

Saa kumi na moja jioni ile, jua bado liko juu ya mapaa, mlio ukaanza. Ulitoka ndani ya dohani, mdogo, mkavu: tiki-tiki-ta, tiki-tiki-ta. Mtu yeyote aliyekulia upande huu anaujua. Ni mlio wa vijiti ambao watu hupiga kando ya kichuguu wakati wa msimu, kuwadanganya kumbikumbi kwamba mvua imeanza, ili watoke mashimoni na kuliwa.

Nasuru alikuwa juu ya bati. Aliona mlango wa Harriet ukifunguka. Harriet akatoka bila viatu, sabuni imemjaa mikononi, akasimama katikati ya ua na kuinua uso. Akatoka fundi cherehani wa chumba cha pili na utepe wa kupimia shingoni, wakatoka wazee wawili wa ghorofa ya kati, akatoka mwanamke mmoja aliyekuwa anasukwa na nusu ya kichwa bado imesimama, na msusi wake nyuma yake, wote kimya, wote midomo wazi, mikono wameitanua kidogo kutoka ubavuni, na Nasuru mwenyewe akahisi katikati ya mabega yake kitu kikiwasha, kikisukuma ngozi kwa ndani, na miguu yake, bila kumwuliza, ikasogea hatua mbili kuelekea ukingo wa bati. Akaikumbatia dohani. Moto haukuwapo katika jiko lolote saa ile, lakini matofali yalikuwa na joto, joto la mgonjwa wa homa, na yalikuwa yanavuta pumzi.

Mlio ukakatika. Watu wakatazamana kwa aibu.

"Mimi nilitoka kuanua nguo," Harriet akanong'ona. Kamba ilikuwa tupu.

Nasuru akahesabu vichwa mara mbili. Wote walitoka isipokuwa Zuhurah.

Alimkuta ndani ya jiko lao. Hakuwa mbele yake, alikuwa ndani, ameketi juu ya majivu baridi, mgongo umeingia kwenye uwazi wa dohani kama ulipimwa kwa ajili yake, tumbo limelala juu ya magoti. Alikuwa anakwangua kiungo cha matofali kwa ukucha na kulamba kidole. Wanawake wenye mimba hula udongo, hilo si ajabu, sokoni unauzwa. Lakini udongo ule ulikuwa umekauka siku tatu, na pale alipokwangua ulikuwa mbichi unang'aa.

"Zuhurah, toka huko."

"Hapa iko baridi vizuri," akasema bila kugeuka. "Wewe nenda kazi yako. Wao nanilisha."

"Nani nakulisha?"

"Hawa." Akaonyesha ukutani. Kulikuwa na vitundu vidogo, vingi, na ndani ya kila kitundu kitu kilikuwa kinasogea.

Nasuru akamshika mikono akamvuta. Hakusogea hata upana wa kidole. Akamwita Adrabo, wakavuta wawili, wanaume wanaobeba matofali maisha yao yote, na ilikuwa kama kuvuta msingi wa nyumba. Zuhurah akasema kwa upole kwamba wanamuumiza. Basi Nasuru akapandwa na hasira, akachukua tindo na nyundo, akaanza kuvunja ukuta pembeni yake. Tindo likapinda. Akachukua jingine, likakatika. Wiki baada ya wiki ameziba dohani isiyokubali kuzibika, na leo anaibomoa haikubali kuvunjika, na mkewe anamwambia apunguze kelele. Akaketi sakafuni akalia, si kwa huzuni tu. Kwa kuchoshwa.

"Mwite haboba Latifah," Adrabo akasema kwa sauti ya chini. "Kesho iko mbali."

Haboba, yaani bibi, ndivyo Wanubi wa Koboko walivyomwita mama huyo mwembamba ambaye aliwatoa majini watu wengi, na wengine, alisema mwenyewe, hawakuwa na jini, walikuwa na uvivu. Alifika kesho yake baada ya adhuhuri. Zuhurah hakuwa ametoka. Hakuwa amekula kitu cha sufuria, lakini tumbo lilikuwa limeongezeka, na ngozi yake imekuwa nyeupe kidogo, laini, kama kitu ambacho hakijawahi kuonwa na jua.

Haboba akawasha ubani na uvumba. Moshi ukaenda kwenye dohani, ukarudi, ukamfunika Zuhurah mabegani kama shuka. Haboba akasoma aya, taratibu, na kila alipofika mwisho wa dua, sauti moja ndani ya ukuta ilijibu, "Amina." Ilijibu kwa adabu. Na wakati huohuo Harriet alipiga simu kutoka chini akinong'ona kwamba jiko lake limesema amina.

Haboba akafunga kitabu.

"Wewe nani?" akauliza.

Sauti ikatoka, na haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa kama miguu mingi midogo ikitembea juu ya majani makavu mpaka ikafanana na maneno. "Mwenye nyumba. Huyu alivunja nyumba yangu. Akabeba nyumba, nami nikabebwa ndani. Akaua mama wa nyumba. Sasa nimepata mama mwingine, mzito, na sitoki."

Haboba akamgeukia Nasuru. "Uliua nini?"

Nasuru akatazama mikono yake. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata Adrabo. Udongo wa juu wa kichuguu haukumtosha, alitaka ule wa ndani kabisa, laini kama unga. Akachimba mpaka kiini, akapasua chumba cha malkia wa mchwa, akamwona amelala, mnene kama dole gumba, anapumua. Akamchomoa kwa ncha ya jembe akamrushia kuku aliyekuwa anapita. Na akacheka.

"Nilifikiri iko mdudu tu, haboba."

Haboba Latifah akaketi, akanyoosha miguu. Alikuwa amekuja kutoka Koboko na miguu ya kuvimba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kuamua kesi na kumkuta mshtaki ndiye mwizi.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nafukuza jini yenye kosa. Hii haina kosa. Kosa iko na wewe. Nitaisomea nini, na yenyewe najibu amina?" Akapunguza sauti zaidi. "Irudishe nyumba ya watu. Yote. Na mwenye kichuguu atamke kwa mdomo wake. Mkeo akizaa humo ndani, hatatoka tena. Mama ya mchwa hatoki."

Zuhurah akashika kiuno akaguna. Ilikuwa mara ya pili tangu haboba aingie.

Adrabo akaenda Aroi kwa pikipiki, na saa kumi akarudi na mwanamke mmoja mpana mwenye gauni la kanisani, jina lake Victoria. Ndiye aliyerithi kichuguu kwa baba yake. Alikuwa amegundua shimo siku nne zilizopita na alikuwa anamtafuta mtu wa kumtukana.

"Ni huyu?" akauliza. "Huyu mwembamba ndiye alimaliza kichuguu ya baba yangu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Babu yangu alikula kumbikumbi ya pale. Watoto yangu nakula pale. Wewe ulikuwa na mdomo, si ungeuliza? Hata watu ya Adumi pale jirani nakuja kuuliza, na wao hawana adabu."

"Mama Victoria," haboba akasema, "mtukane kesho. Leo sema neno."

Victoria akasogea kwenye jiko, akamwona Zuhurah, na hasira ikamshuka usoni kama maji. Akaweka kiganja ukutani. "Mimi mwenye kichuguu," akasema, "naita udongo yangu irudi nyumbani."

Nasuru akagusa kiungo kwa mwiko. Ukaingia kama kwenye siagi.

Lakini kubomoa dohani kuna utaratibu wake. Huwezi kuanzia chini, itakuangukia. Huwezi kusukuma kutoka juu, matofali yataporomokea ndani, na ndani alikuwa Zuhurah. Ilibidi kuanzia kileleni, tofali moja moja, kila moja lishikwe kwa mkono na kuteremshwa kwa ndoo. Nasuru akapanda na Adrabo, na Victoria, ambaye alikataa kubaki chini, akapanda ngazi ile na gauni lake, akachukua kamba ya kuanikia nguo, akamfunga Nasuru kiunoni.

"Ya nini?"

"Kumbikumbi naruka," Victoria akasema. "Wewe huna mabawa. Bado."

Saa kumi na moja mlio ukaanza. Adrabo akaacha ndoo, uso wake ukawa mtupu, akashuka ngazi kwenda uani, na chini milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine, na Nasuru akabaki juu na matofali mia moja na zaidi, na tiki-tiki-ta sasa haikuwa ndani ya dohani tu, ilikuwa ndani ya meno yake, ndani ya mbavu, na kila tofali alilotoa chini yake palikuwa pameshonana mchwa weupe wasiokimbia, wakimtazama bila macho, na mabegani kwake shati lilianza kunyanyuka, kitu chembamba kikavu kikijikunjua chini yake, na miguu ikamgeuza kuelekea ukingo, ambako ua ulionekana mzuri, mweupe, karibu sana, mahali ambapo mtu akiruka atafika salama, na angeruka, wallahi angeruka, kama kamba isingemkata kiuno na sauti ya Victoria, ambayo mlio ule haukuweza kuigusa kwa sababu ulikuwa wake kwa urithi, isingekuwa inasema nyuma yake bila kupumzika, "Tofali ingine. Wewe si fundi? Nasikia nusu ya Arua ni yako. Ingine. Usitazame huko, huko hakuna kazi. Ingine. Mke yako iko chini, mjinga wewe. Ingine."

Akatoa, akatoa, kucha zikang'oka. Kutoka chini alisikia Zuhurah anaguna na haboba, aliyezuiwa na dua zake asitoke na wengine, akimwambia, "Usisukume, binti yangu, si hapa." Jua lilipogusa mapaa, Nasuru alikuwa ameshashuka kupitia tundu la bati mpaka ndani ya jiko lake mwenyewe, amepiga magoti, na tofali la mwisho nyuma ya mgongo wa mkewe likamjia mkononi. Mlio ukakoma katikati, kabla ya ile ta.

Zuhurah akaanguka mbele, mwepesi, kwenye mikono ya haboba.

"Mgongo yangu," akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku. "Nani aliniweka kwa majivu?"

Walimpeleka Koboko kwa mama yake usiku uleule, na alfajiri akazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye mapafu ya mwadhini. Wiki nzima Nasuru na Adrabo walikwangua udongo kwenye matofali yaliyobaki ya ghorofa za chini, wakafagia mpaka vumbi, wakabeba yote Aroi. Nasuru akapiga magoti mbele ya Victoria, akaomba kwa maneno yake yote, akamwaga udongo shimoni. Victoria akamtukana alivyoahidi, kisha akampa maji ya kunywa. Wapangaji wakapika kwa mkaa uani. Harriet akasema maharage hayajawahi kuwa matamu hivyo.

Mwezi mmoja ukapita. Siku moja Victoria akapiga simu. Hakutukana, na hilo ndilo lililomtisha Nasuru.

"Njoo uone kazi yako," akasema.

Akaenda na Adrabo. Kichuguu kilikuwa kimeota, kimefika kifuani kwa mtu mzima, lakini vichuguu vyote duniani ni vya mviringo, na hiki kilikuwa na pembe nne. Kilikuwa kimepangwa kwa matofali, au mistari inayofanana na matofali, safu juu ya safu, kila kiungo kimepitishwa kidole kwa namna ya Nasuru, ile anayojivunia, ambayo hajamfundisha mtu. Akatoa timazi mfukoni, ule uzi wenye uzito wa kupimia unyoofu wa ukuta, akaliteremsha kwenye pembe. Halikuachana na ukuta hata kwa unywele. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alichohisi ni wivu.

"Zunguka huku," Victoria akanong'ona.

Upande unaotazama barabara ya Koboko, waliko bado Zuhurah na mtoto, palikuwa na mlango wa tao, kama mdomo wa jiko. Hakukuwa na majivu ndani. Mahali pa malkia palikuwa na kiti cha udongo, laini, chenye kina cha mgongo wa mtu na nafasi ya mapaja yaliyokunjwa, na Nasuru hakuhitaji kupima, aliujua upana ule kwa miaka kumi ya ndoa. Kando yake, udongo wake ukiwa bado mbichi, mchwa walikuwa wanamalizia kiti cha pili, kidogo, chenye urefu wa mtoto wa mwezi mmoja.